Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Kubadili

Anayeanza kusoma vitabu kwenye simu au kwenye kifaa cha wino wa kielektroniki hafiki mbali kabla hajauliza swali hili: nina PDF, nataka iwe EPUB (fomati ya vitabu pepe), nitumie programu gani? Jibu fupi ni Calibre. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na katika uwanja wake sijaona wa kuifikia. Jibu refu ni kwamba huenda huhitaji kubadili kitu chochote. Kitufe cha kubadili fomati ndicho kinachowavuta wengi waipakue programu hii, na ndicho ninachokigusa mara chache kuliko vingine vyote. Kadiri maktaba yangu inavyonenepa, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba faida ya Calibre iko kwenye kazi ambayo watu huiruka kwa kuwa inachosha: kuandika sawasawa kitabu ni cha nani, kinaitwaje, kiko kwa lugha gani, na ni cha ngapi katika mfululizo wake.

Nianze na asili yake, maana inaeleza mengi. Mwaka 2006 Sony iliingiza kwenye soko la Marekani kifaa cha kusomea kiitwacho PRS-500. Programu iliyokuja nacho ilikuwa ya Windows tu. Kovid Goyal, ambaye wakati huo alikuwa anasomea shahada ya uzamivu katika chuo cha Caltech, alikuwa mtumiaji wa Linux. Akaanza kuchunguza jinsi kifaa kile kinavyowasiliana na kompyuta kupitia waya wa USB, wenzake waliokuwa nacho wakamsaidia, na mwisho akaandika programu yake mwenyewe akaiita libprs500. Kuweza kuweka kitabu ndani ya kifaa kukazaa haja ya kutengeneza faili za LRF, fomati ya Sony ambayo nje ya vifaa vya Sony ilikuwa haina kazi. Vitabu vilipokuwa vingi ikabidi vipangwe. Mwaka 2008 mradi ukabadilishwa jina ukawa Calibre.

Sony ilifunga duka lake la vitabu pepe Amerika Kaskazini mwaka 2014 na wateja wake wakahamishiwa Kobo, kampuni nyingine ya vitabu pepe na vifaa vya kusomea. Microsoft nayo iliachana na programu yake ya Microsoft Reader mwaka 2012, na fomati yake ya LIT ikabaki bila mwenyewe. Calibre inazifungua LRF na LIT zote mbili hadi leo. Programu iliyoandikwa ili kuhudumia kifaa kimoja imekizidi umri kifaa chenyewe, na leo ndiyo kimbilio la mtu aliyekuta faili za zamani kwenye diski na hajui azifanye nini. Leseni yake ni GPL toleo la 3, kwa hiyo hata mwandishi wake akichoka kesho, msimbo uko hadharani na wengine wanaweza kuuendeleza. Kampuni ikichoka, huwa tunaandikiwa barua pepe ya kutuaga.

Sura yake, sitaificha, haivutii. Vitufe ni vikubwa kama vya programu za zamani, kila dirisha lina dirisha jingine ndani yake, na ukurasa wa mipangilio una mambo ambayo nina hakika yaliongezwa kwa ombi la mtu mmoja. Wapo wanaoifunga siku ile ile waliyoipakua. Mimi nimeizoea, na siku hizi programu safi yenye vitufe vitatu hunitia wasiwasi, kwa sababu najua siku nitakayohitaji kitu cha nne sitakipata.

Sasa, kwa nini nasema usikimbilie kubadili? Chukua EPUB yoyote isiyo na kufuli ya kuzuia kunakiliwa, tengeneza nakala yake, badili mkia wa jina kutoka .epub kuwa .zip, halafu uifungue. Utakuta kifurushi cha faili za kawaida kabisa. Kuna faili ndogo iitwayo mimetype, yenye maneno application/epub+zip tu, ambayo lazima iwe ya kwanza kwenye kifurushi na isibanwe. Ndiyo maana wanaofungua EPUB na kuifunga tena kwa programu yoyote ile ya zip huambulia kitabu kinachokataliwa na vifaa vingine. Kuna folda ya META-INF inayoonyesha ilipo faili ya OPF. OPF ndiyo inayobeba utambulisho wa kitabu: jina, mwandishi, lugha, orodha ya kila faili iliyomo na mpangilio wa kuzisoma. Sura zenyewe ni XHTML, lugha ya kurasa za tovuti, na muonekano wake unaamuliwa na CSS, lugha ya mitindo ya kurasa hizo. Kwa maneno mengine, EPUB ni tovuti ndogo iliyofungwa pamoja. Fomati hii ilitangazwa kuwa kiwango rasmi na shirika la IDPF mwaka 2007, shirika hilo likaungana mwaka 2017 na W3C, linalosimamia viwango vya tovuti, na toleo la EPUB 3.3 likapitishwa mwaka 2023.

Fomati ya AZW3 ya Amazon, iliyokuja mwaka 2011, nayo ndani ina HTML na CSS, ila imefungwa kwa namna nyingine. Kutoka EPUB kwenda AZW3, basi, ni karibu sawa na kubadili kifungashio, hupotezi mengi. Fomati ya MOBI ni nyingine. Ilianzishwa na Mobipocket, kampuni ya Ufaransa ambayo Amazon iliinunua mwaka 2005, na CSS inaielewa kwa shida, fonti za ndani haizijui, majedwali yanavurugika. Anayebadili vitabu vyake vyote kuwa MOBI leo, eti kwa sababu ana Kindle, kifaa cha kusomea cha Amazon, anavishusha hadhi bila sababu. Huduma ya Amazon ya kutuma vitabu kwenye Kindle imekuwa ikipokea EPUB tangu mwaka 2022. Kobo inasoma EPUB moja kwa moja. Simu yoyote ina programu za kusoma EPUB. Ukihesabu hivyo, utaona kwamba sehemu kubwa ya ubadilishaji tunaoufanya ni mazoea ya miaka iliyopita.

Na Calibre inapobadili, haichukui kitabu ikakigeuza tu. Haina mkalimani wa kila jozi ya fomati, maana jozi zingekuwa nyingi mno. Kinachotokea ni hiki: sehemu ya kupokea inasoma fomati ya mwanzo na kuifanya XHTML, kisha XHTML hiyo inapitishwa kwenye kazi za katikati kama kutafuta sura, kuweka yaliyomo, kupanga nafasi kati ya aya na kusawazisha ukubwa wa herufi, halafu sehemu ya kutoa inaifunga kwa fomati uliyoomba. Katika safari hiyo mapambo ya mchapishaji huandikwa upya. Majina ya mitindo ambayo mtu aliyapanga kwa makini, hili la shairi, lile la barua, jingine la tanbihi, yanaweza kuvurugwa na kupewa namba, na kati yake yanajaa majina kama calibre1, calibre2, calibre3. Ukitengeneza EPUB, faili za ndani zinazozidi kilobaiti 260 hukatwa vipande, kwa ajili ya vifaa vya zamani vilivyokuwa vikishindwa na faili kubwa. Msomaji anaweza asione tofauti yoyote. Anayetaka kukihariri kitabu baadaye ataiona mara moja. Ukibadili EPUB kuwa MOBI, kisha MOBI ile kuwa EPUB tena kwa kuwa umenunua kifaa kingine, unapata kitabu kinachosomeka lakini mifupa yake imevunjika.

Kwa bahati nzuri, Calibre yenyewe inajua hili. Ukibadili EPUB kuwa EPUB, ile ya mwanzo haifutwi. Inahifadhiwa pembeni kwa jina la ORIGINAL_EPUB. Na kwa kazi ndogo ndogo, kama kuweka jalada jipya, kuingiza fonti, kupunguza uzito wa picha au kuandika taarifa mpya za kitabu ndani ya faili, kuna chombo tofauti cha kung'arisha vitabu, ambacho kwenye mstari wa amri kinaitwa ebook-polish. Hicho kinafanya kazi kwenye EPUB na AZW3, na hakigusi kitu ambacho hukukiomba. Nashangaa kwamba watu wachache wanakijua, kwa maana ndicho wanachokihitaji mara nyingi wanapobonyeza kubadili.

Tuje kwenye PDF, ambayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Adobe iliileta mwaka 1993 kwa lengo kwamba ukurasa uonekane vile vile popote unapofunguliwa. Lengo hilo ililitimiza, na ndilo linalotutesa. Ndani ya PDF ya kawaida hamna aya. Kuna maagizo ya kuchora: weka herufi hizi mahali hapa, kwa fonti hii, kwa ukubwa huu. Jicho lako ndilo linaloona aya, kichwa cha sura, namba ya ukurasa, tanbihi. Kompyuta inaona alama zilizotawanyika kwenye karatasi. Programu yoyote inayokuahidi kubadili PDF kuwa kitabu inakuahidi kukisia, na tofauti kati ya programu nzuri na mbaya ni ubora wa kukisia.

Calibre inakisiaje? Kwa mwisho wa aya, inapima urefu wa mistari. Mstari mrefu usioishia na nukta huhesabiwa kwamba unaendelea kwenye mstari unaofuata. Mstari mfupi huhesabiwa kwamba ndio mwisho. Mpaka kati ya mrefu na mfupi ni namba kati ya 0 na 1, na ya kuanzia kwa PDF ni 0.45. Ukiishusha, mistari mingi zaidi itaunganishwa. Ukiipandisha, itaunganishwa michache. Kwa riwaya yenye aya ndefu hesabu hii inafanya kazi vizuri kuliko unavyotarajia. Kwa shairi ni balaa. Ushairi wetu wa arudhi una mizani sawa kila mshororo, mishororo inalingana kwa urefu na mingi inaishia na mkato. Kwa macho ya Calibre hiyo ndiyo sura kamili ya nathari iliyokatwa na ukingo wa ukurasa. Ubeti wa mistari minne unatoka ukiwa aya moja, vina vimezama katikati. Diwani iliyo kwenye PDF iache kwenye PDF.

Kwa maneno yaliyokatwa kwa kistari mwisho wa mstari, kuna ujanja ninaoupenda. Calibre haiendi kwenye kamusi. Inatazama kama neno lile, bila kistari, linapatikana mahali pengine ndani ya kitabu hicho hicho, likipatikana, inaliunganisha. Kitabu kinakuwa kamusi yake chenyewe, na kwa hiyo mbinu hii haijali lugha. Kwa Kiswahili, ambapo kitenzi kimoja kinaweza kubeba viambishi vingi hadi kikawa na umbo linalotokea mara moja tu kitabu kizima, matokeo si mazuri kama kwa lugha nyingine, lakini ni afadhali kuliko kuletewa kamusi ya Kiingereza.

Vichwa na namba za kurasa zinazojirudia huondolewa kwa kutafuta na kubadilisha, na hapo itakubidi ujifunze kidogo lugha ya ruwaza ambazo waandishi wa programu huziita regex. Ni saa moja ya kukuna kichwa. PDF yenye safu mbili kwa kila ukurasa, kama majarida ya kitaaluma, sijawahi kuiona ikitoka salama. Kwa hizo ninatumia k2pdfopt, ambayo haijaribu kuelewa maandishi bali inakata picha ya ukurasa vipande na kuvipanga upya vienee kwenye kioo kidogo. KOReader, programu huria ya kusomea inayokubali kuwekwa kwenye Kobo, PocketBook, Android na hata Kindle iliyoondolewa vizuizi vya Amazon, inatumia mbinu hiyo hiyo moja kwa moja wakati unasoma. Hapo hakuna kilichobadilishwa na hakuna kilichopotea.

Na kama PDF ni picha tupu za kurasa zilizopigwa kwa skana, Calibre haitapata neno hata moja. Inabidi kwanza upite kwenye Tesseract, programu ya kutambua maandishi iliyoanzia HP miaka ya 1980 na kuwekwa wazi mwaka 2005, ambayo Kiswahili kimo kati ya lugha zake kwa msimbo wa swa. Programu ya OCRmyPDF huitumia Tesseract kuweka tabaka la maandishi chini ya picha, bila kuharibu picha yenyewe. Kwa vitabu vya zamani hapo ndipo ninapoishia: picha ibaki, utafutaji uwezekane, basi.

Kabla sijaacha kubadili, nitaje tatizo moja linalowapata wasomaji wa Kiswahili kuliko wengine. Alfabeti yetu haina herufi zenye vitone wala mikia, kwa hiyo tumezoea kudhani matatizo ya usimbaji, yaani jinsi kompyuta inavyohifadhi herufi kama namba, ni ya Wafaransa na Waarabu. Lakini tuna ng'. Faili ya maandishi ikiwa imehifadhiwa kwa UTF-8 na ikasomwa kana kwamba ni ya usimbaji wa zamani wa Windows, kila ritifaa iliyopinda, ile alama ya kwenye ng', inageuka kuwa alama tatu, na ng’ombe wako anatokea kama ngâ€™ombe kitabu kizima. Dawa iko kwenye mipangilio ya muonekano wakati wa kubadili, kwenye kisanduku cha usimbaji wa faili inayoingia: andika utf-8 wewe mwenyewe, usiiachie programu ikisie. Nalo chaguo la kurembesha alama za uandishi litapinda kila ritifaa iliyonyooka, jambo zuri kwa macho. Ila kumbuka kwamba baadhi ya programu za kusomea zitaona neno lenye ritifaa iliyonyooka na neno lenye iliyopinda kuwa maneno mawili tofauti unapotafuta.

Basi, tufike kwenye maktaba. Ukiongeza kitabu, Calibre hutengeneza nakala yake na kuiweka kwenye folda yake: folda ya mwandishi, ndani yake folda ya kitabu yenye namba kwenye mabano, ndani yake faili zenyewe, jalada, na faili ndogo ya metadata.opf. Juu ya yote iko hifadhidata moja ya SQLite, metadata.db. Watu wengi huchukizwa na jambo hili. Wana folda zao walizozipanga kwa miaka, na sasa programu inataka kupanga upya kwa njia yake. Ninawaelewa, na bado nadhani Calibre iko sahihi. Folda zinaweza kupanga kitabu mahali pamoja tu. Kitabu cha historia ya bahari kilichoandikwa kwa Kijerumani na kutafsiriwa kwa Kiingereza, umeweka folda gani? Kwenye Calibre unaacha folda zijiendeshe, na wewe unaandika lugha, mada, mtafsiri, halafu unauliza swali lolote unalotaka. Sharti ni moja: usiingie kwenye folda zile na kuanza kubadili majina kwa mkono. Hifadhidata haitajua ulichofanya.

Metadata, yaani taarifa za kitabu kama jina na mwandishi, zinazopakuliwa kutoka mtandaoni zinasaidia kwa vitabu vya Kiingereza vyenye ISBN. Kwa vitabu vya Kiswahili mara nyingi utaletewa kitabu kingine kabisa chenye jina linalofanana, au jalada la toleo usilolijua. Nimeacha kuzipakua kwa mkupuo. Ninaandika mwenyewe, na si kazi kubwa kama inavyosikika, kwani unaweza kuchagua vitabu vingi na kuvihariri pamoja. Jambo la kuangalia ni jina la mwandishi la kupangia. Calibre hudhani neno la mwisho ni jina la ukoo na kulipeleka mbele, lifuatwe na mkato. Kwa majina yenye bin au binti, na kwa waandishi ambao jina la mwisho ni la baba au la babu, dhana hiyo inatoa orodha isiyo na maana. Kuna mpangilio wa kuiambia iache majina kama yalivyo. Mimi nimechagua huo, orodha yangu ya waandishi inaanza na majina ambayo watu huitana nayo, na sijawahi kumtafuta mtu nikamkosa.

Lebo zitumie kwa ubahili. Wachapishaji hujaza EPUB zao kwa lebo ndefu za kibiashara, na usipozifuta, upande wa kushoto wa dirisha utajaa maneno mia ambayo hutayabofya kamwe. Lugha, kwa upande mwingine, usiiache wazi. Ndiyo inayoamua kamusi ipi ifunguke unapobonyeza neno kwenye kifaa, maneno yakatwe wapi mwisho wa mstari, na sauti ipi isome kama unatumia kusomewa. Kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa kimakosa kuwa cha Kiingereza kinakatwa maneno mahali pa ajabu.

Tangu toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, Calibre inaweza pia kutafuta maneno ndani ya maandishi ya vitabu vyote kwa pamoja. Hapo ndipo maktaba inapogeuka kuwa chombo cha kazi. Unakumbuka sentensi, hukumbuki ulikoisoma, unaiandika, inakuja. Kujenga faharasa kwa mara ya kwanza kunachukua muda na kompyuta inanguruma, kisha inaisha.

Kuhifadhi nakala ni rahisi kupita kiasi: nakili folda nzima ya maktaba kwenye diski nyingine. Hifadhidata ikiharibika, Calibre ina namna ya kuijenga upya kwa kusoma zile faili za metadata.opf moja moja. Usiiweke maktaba kwenye diski ya mtandao ikafunguliwa na kompyuta mbili kwa wakati mmoja. SQLite haikutengenezwa kwa hilo. Ukitaka kuisoma kutoka kwenye simu, washa seva ya Calibre, fungua kivinjari cha simu kwenye mtandao wa nyumba kwa anwani ya kompyuta na mlango wa 8080, na vitabu vyote viko hapo.

Lipo jambo ambalo programu hii haifanyi, na wanaoipakua kwa ajili hiyo hukasirika: haivunji zile kufuli za kuzuia kunakiliwa, ziitwazo DRM. Kitabu ulichokinunua kikiwa na kufuli, Calibre itakuonyesha jalada lake na kukataa kukibadili. Marekani sheria ya DMCA ya mwaka 1998 inakataza kuzikwepa kufuli hizo, na nchi nyingine zina sheria za namna hiyo. Sina la kukufundisha hapo. Nitakachosema ni kwamba kitabu chenye kufuli ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa huondolewa. Julai 2009 Amazon ilifuta, kutoka kwenye Kindle za wateja, nakala za vitabu viwili vya George Orwell baada ya kubainika kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa na Jeff Bezos akaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vilivyokuwa vimenunuliwa vikaacha kufunguka, navyo kwa kurudishiwa fedha. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kila mara kampuni ilikuwa na sababu yake, na kila mara mteja hakuulizwa.

Kwa hiyo ninaponunua, naangalia kwanza kama kitabu kinauzwa bila kufuli. Wapo wachapishaji wanaofanya hivyo kwa hiari. Tor, wachapishaji wakubwa wa riwaya za kisayansi, waliziondoa mwaka 2012 na bado wako sokoni. Kwa vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha kuna Project Gutenberg, ambayo Michael Hart aliianza mwaka 1971 na leo ina vitabu zaidi ya 70,000, na kuna Standard Ebooks, wanaochukua maandishi hayo hayo na kuyapanga upya kwa uangalifu ambao wachapishaji wengi wa kulipwa hawana.

Nje ya Calibre sina vyombo vingi. Kuhariri EPUB kwa undani natumia Sigil, ingawa Calibre ina kihariri chake kizuri. Kusoma kwenye kompyuta natumia Thorium, kwa kuwa ni tulivu na imewajali wasioona. Pandoc ya John MacFarlane, inayogeuza maandishi matupu kuwa EPUB na fomati nyingine, ni ya wanaoandika kwa namna hiyo na hawaogopi mstari wa amri. Ni hodari kuliko Calibre kwa kazi hiyo moja.

Kubadili ninakokufanya kwa moyo mweupe ni kwa maandishi yangu na ya rafiki zangu, kutoka DOCX kwenda EPUB. Calibre inaisoma DOCX vizuri ajabu: tanbihi zinabaki tanbihi, picha zinakaa mahali pake, majedwali yanafika. Lakini inategemea jinsi ulivyoandika. Kichwa cha sura kilichokuzwa tu na kukolezwa kwa wino mzito, kwa Calibre ni aya kama aya nyingine. Kilichowekewa mtindo wa kichwa cha ngazi ya kwanza kinaanza ukurasa mpya na kuingia kwenye yaliyomo bila kuambiwa. Nikimaliza kubadili nafungua faili na kutazama yaliyomo kabla ya kitu kingine. Yakiwa matupu, sirudi kwenye mipangilio ya Calibre. Narudi kwenye Word, sura moja baada ya nyingine, naweka mitindo.